Kabla Hujavuka Lango la Kati: Kwa Wanaoanza Kuzisoma Nyumba za Yangbani wa Korea

Daftari langu la kwanza la ziara za nyumba za kale za Korea lina kurasa 40 hivi, na zaidi ya 30 kati yake ni za sarangche, jengo la wanaume. Nilichora nguzo zake, nikanakili vibao vyenye herufi za Kichina vilivyotundikwa juu ya milango, nikapima kibaraza chake cha mbao. Jengo la wanawake, anche, lilipata kurasa mbili. Ghala, jiko na vyumba vya watumishi havikupata hata mstari. Aliyenizindua ni bibi mmoja, mke wa mrithi wa nyumba kuu ya ukoo, huko Gyeongsang Kaskazini. Aliniangalia nikichora kutwa nzima, na jioni akaniuliza chakula cha wageni wote waliopita katika jengo lile kilitoka wapi. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimelitazama jiko.

Ninyi mnaoanza masomo haya sasa, au mnaoanza kazi ya kuwatembeza na kuwatafsiria wageni wetu, nawaandikia ili msiupoteze mwaka wenu wa kwanza hivyo. Neno langu kubwa ni hili: nyumba ya yangbani ilijengwa ili kupanga nani amwone nani, na nani aishie wapi. Ukilishika hilo, kuta na milango vitaanza kukueleza mambo yenyewe.

Kwanza jina. Yangbani maana yake ni safu mbili. Katika hafla za kasri, maafisa wa kiraia walisimama upande wa mashariki na wa kijeshi upande wa magharibi, mfalme akiwa mbele yao. Katika enzi ya Joseon, iliyoanza mwaka 1392, neno hilo likaja kuwa jina la tabaka zima la wasomi, wenye vyeo na wenye mashamba. Hadhi yao ilisimama juu ya ukoo, mitihani ya serikali na mafunzo ya Confucius, na nyumba ndiyo iliyoyaonyesha yote hayo kwa mpita njia.

Basi anza kwa kusimama nje. Tazama mlima ulio nyuma na maji yaliyo mbele, maana mahali pa kujenga palichaguliwa kwa kanuni hiyo. Kisha tazama lango. Kwa familia yenye cheo, paa la lango limeinuliwa juu ya mapaa yaliyoshikamana nalo kulia na kushoto, ili bwana aliye juu ya farasi, au juu ya kile kiti cha afisa chenye gurudumu moja, apite bila kuinamisha kichwa. Hayo mapaa ya chini ya pembeni ni ya hengnangche, walikolala watumishi na watumwa. Wageni wengi hulipiga picha lango na kusonga mbele. Wasimamishe hapo. Utumwa ulifutwa kisheria Korea katika mageuzi ya mwaka 1894, na kabla ya hapo hakuna nyumba kubwa ya yangbani iliyoendeshwa bila watu hao. Kijijini Yangdong, karibu na Gyeongju, jambo hilo limeandikwa juu ya kilima chenyewe: nyumba za vigae za mabwana ziko juu, na vijumba vya kuezekwa kwa majani viko chini yake.

Hapo langoni ndipo utakaposikia kwa mara ya kwanza kuhusu nyumba za kani 99, msemo wa kusifia nyumba kubwa mno. Tahadhari na neno hilo. Kani si chumba. Ni nafasi iliyo kati ya nguzo nne, na chumba kimoja kinaweza kuwa na kani mbili au tatu. Mimi niliwahi kutafsiri "vyumba 99" mbele ya kundi zima, na siku ya pili ikanibidi niwaombe radhi na kueleza upya. Sheria ya Joseon iliweka mipaka: mwana wa mfalme aliyezaliwa na malkia kani 60, wanawe wengine na mabinti zake 50, maafisa wa daraja la pili na kuendelea juu 40, walio chini yao 30, na raia wa kawaida 10. Wengi waliivuka. Rangi za kung'aa mnazoziona kwenye mahekalu na makasri zilikatazwa katika nyumba za watu binafsi, ndiyo maana hata nyumba ya tajiri imeachwa na rangi ya mbao tupu.

Zamani mgeni wa kiume akifika hapo langoni aliita kwa sauti, "Iri onora!" Mtashawishika kuitafsiri kuwa ni hodi. Msifanye hivyo. Hodi yetu huomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Yule alikuwa akitoa amri, "Njoo hapa", na aliyeamriwa ni mtumishi. Na kama mtumishi hayupo wala bwana hayupo, mke wa nyumba hakuweza kumjibu moja kwa moja mwanamume asiye ndugu. Alijibu kutoka ndani kana kwamba anamtuma mtu: mwambie mgeni bwana hayupo. Mgeni naye akajibu kwa njia ileile, mwambie bibi nitarudi kesho. Wawili wanazungumza kupitia mtu wa tatu ambaye hayupo. Ukiwasimulia wageni hilo, wataielewa nyumba nzima kabla hawajaingia.

Sarangche nitaipita haraka, maana itajitangaza yenyewe. Ndiko bwana aliposoma, akapokea wageni na kuwafundisha wanawe. Mtoto wa kiume alipofika miaka 7 hivi alitolewa kwa mama yake akahamia huku. Mkitaka kuona ukarimu wa upande huu ulivyokuwa mkubwa, nendeni nyumba ya Seongyojang, mjini Gangneung, mkatazame banda lake lililosimama juu ya bwawa la maua ya yungiyungi.

Baada ya sarangche kuna lango la kati, na hapo ndipo ninapotaka mkae. Mara nyingi ukilivuka unakutana na ukuta mfupi uliosimama peke yake mbele ya uso wako. Mimi huuita ukuta wa stara. Kazi yake ni kumzuia aliye nje asiuone ua wa wanawake hata mlango ukiwa wazi, na anayeingia lazima azunguke. Waliolelewa katika nyumba za mawe za Lamu au Unguja, ambako mlango wa ndani haukabili wa nje, hawatahitaji maelezo marefu.

Lakini ukuta wa aina hii ninaoupenda kuliko yote uko Nonsan, katika nyumba iitwayo kwa jina la msomi Yun Jeung, aliyeishi kati ya mwaka 1629 na 1714. Kwa chini, ukuta huo umeachiwa uwazi. Aliye nje haoni kitu. Aliyeketi ndani, juu ya sakafu ya ukumbi wa anche, anaona viatu vya anayekuja. Kwa viatu tu mwenye nyumba alijua aliyefika ni mwanamume au mwanamke, wa hadhi gani, na akapata dakika ya kujiandaa. Miaka miwili nilikuwa nikiandika kwamba kuta hizi ziliwafungia wanawake. Ziliwafungia, ndiyo. Siku nilipoketi upande wao ndipo nilipoona kwamba aliyekuwa akitazama ni wao.

Hiyo ndiyo sababu nawaambia muanzie anche kila mnapoweza. Katikati yake kuna ukumbi wa mbao ulio wazi kwa mbele, dechongi. Upande mmoja ni chumba cha mke mkuu wa nyumba, upande wa pili chumba cha mkwewe, mke wa mwana. Tazama jiko liko wapi: limebandikana na chumba cha mke mkuu, na sakafu yake iko chini kuliko ya chumba. Mpango huo unatokana na ondoli, mfumo wa kupasha sakafu joto kwa moto wa jiko. Moto unaopikia wali hauishii chini ya chungu. Moshi na joto hupita katika mifereji iliyo chini ya chumba, juu ya mifereji kuna mawe bapa, juu ya mawe udongo, na juu kabisa karatasi nzito iliyopakwa mafuta. Moshi hutokea kwenye dohani upande wa nyuma. Kuni zilezile zimepika na zimepasha nyumba.

Sehemu ya sakafu iliyo karibu na moto ndiyo yenye joto zaidi, na ni ya mzee au mgeni wa heshima. Msijikalie hapo kwa sababu mna baridi. Mimi niliketi, mwezi wa Januari, na hakuna aliyenisema, ila mzee wa nyumba alipoingia alikaa upande wa baridi muda wote wa mazungumzo. Subirini kuonyeshwa mahali. Viatu vuleni kwenye jiwe la kupandia, na msikanyage kizingiti, kiruke. Malkia Elizabeth wa Pili alipotembelea kijiji cha Hahoe, karibu na Andong, mwezi Aprili 1999 alivua viatu kuingia Chunghyodang, nyumba kuu ya kizazi cha waziri Ryu Seong-ryong.

Kiangazi, milango ya dechongi huinuliwa na kutundikwa darini kwa kulabu, na ukumbi unageuka kipito cha upepo. Mtaona ua wa mbele hauna mti wala majani, ni changarawe nyepesi tu, huku nyuma kukiwa na bustani na mteremko wenye miti. Ua mtupu hupata joto, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya nyuma huvutwa kupita ukumbini. Wenyeji watawapa na sababu nyingine: herufi ya Kichina ya mti ikiwekwa ndani ya mraba, kama ua uliozungushiwa kuta, inakuwa herufi ya taabu. Semeni zote mbili. Kisha inueni macho kwenye boriti ya juu kabisa ya paa, maana mara nyingi hapo pameandikwa tarehe boriti hiyo ilipoinuliwa, kati ya herufi ya joka na ya kobe, viumbe wa majini wanaoilinda nyumba na moto.

Msije mkadhani mpango huu mkali ni wa tangu mwanzo. Hadi karne ya 16 mume kuishi kwa wazazi wa mkewe lilikuwa jambo la kawaida, na mabinti walirithi. Yi I, msomi mkubwa, alizaliwa mwaka 1536 Ojukheon, Gangneung, nyumbani kwa ukoo wa mama yake, Shin Saimdang. Kanuni za Confucius zilikaza zaidi kuanzia karne ya 17, na nyumba zikafuata.

Nyuma ya yote, mahali pa juu, ndani ya ukuta wake wenyewe, kuna sadangi, kijumba cha mababu. Humo huwekwa vibao vya majina ya vizazi vinne. Fanyeni hesabu: vizazi vinne, mume na mke, ni ibada 8 za siku za kufa, ukiacha Mwaka Mpya na sikukuu ya mavuno. Kila moja ina meza ya kuandaliwa, na iliandaliwa anche. Sadangi msiifungue wala msiipige picha bila idhini. Nyumba ya Imcheonggak, Andong, inaonyesha uzito wake. Mwaka 1911 bwana wake, Yi Sang-ryong, alipokwenda Manchuria kupigania uhuru, alivizika vibao vya mababu ardhini kwanza. Baadaye utawala wa Kijapani ulipitisha reli uani, sehemu ya nyumba ikabomolewa, na treni zikaendelea kupita hapo hadi mwaka 2020.

Na ghala msilisahau. Unjoru, huko Gurye, iliyojengwa mwaka 1776, ina pipa la mbao la mchele lenye maandishi yanayomruhusu mtu yeyote kulifungua. Liliwekwa mahali ambapo mwenye njaa angeweza kuchota bila kukutana uso kwa uso na wenye nyumba. Madohani yake ni mafupi, na husimuliwa kwamba yalifanywa hivyo ili wasio na chakula wasiuone moshi wa jiko la wenzao.

Onyo moja kwa watakaofanya kazi Seoul. Nyumba nyingi za Bukchon, mtaa wa nyumba za kale mjini humo, si za mabwana wa Joseon. Zilijengwa miaka ya 1920 na 1930, viwanja vikubwa vilipokatwa vipande, kwa ajili ya familia za mjini. Ni nzuri na zina historia yake, ila msizioneshe kama nyumba za yangbani. Anayetaka hizo apande treni hadi Andong au Gyeongju. Hahoe na Yangdong ziliingizwa pamoja katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2010, na watu bado wanaishi humo. Pigeni simu kabla. Mlango wa anche ukiwa umefungwa, ni chumba cha mtu.

Mkikaribishwa ndani, acheni swali la nguzo ni za mwaka gani lisubiri. Muulizeni mama wa nyumba kwanza kuhusu mitungi iliyopangwa juu ya jukwaa la mawe, nyuma ya jiko. Yule bibi wa Gyeongsang, nilipomrudia na swali hilo, alikwenda kuchukua kijiko, akafunua mtungi uliokuwa pembeni kabisa, akanionjesha sosi ya soya nyeusi tii, nzito, yenye utamu kwa mbali. Akaniambia mama mkwe wake ndiye aliyeianzisha. Tukakaa pale hadi jua likazama, na siku hiyo nikajaza kurasa 11.