Kinanda bila fa na ti: maswali yenu kuhusu pop ya Kijapani

Nilipoandika mistari michache kuhusu nyimbo za Kijapani za kuchangamka, zile za pop zenye ladha ya kikwao, nilidhani nimepita njia tu. Kumbe nimechokoza nyuki. Haya, tuanze.

Binti yangu anarudia wimbo mmoja wa Kijapani kutwa kucha. Mara anauimba msichana wa katuni mwenye nywele za kijani, mara mwanamke wa kimono mwenye bendi kubwa. Ni wimbo wa zamani? (Mama, Tanga)

Si wa zamani hata kidogo, mama. Kwa maelezo yako huo ni "Senbonzakura", yaani miti elfu ya sakura, mcheri wa Kijapani unaopendwa kwa maua yake. Mtunzi anayejiita Kurousa-P aliutoa mtandaoni Septemba 2011. Huyo wa katuni ni Hatsune Miku, naye si mtu: ni programu ya sauti iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Crypton ya mjini Sapporo. Unaandika maneno na noti, yeye anaimba. Wa kimono ni Suzuhana Yuko wa Wagakki Band, kundi la watu wanane lililoweka koto (zeze refu la kulazwa), filimbi ya shakuhachi, shamisen (gitaa la nyuzi tatu) na ngoma za Kijapani pamoja na magitaa ya roki. Walisimamisha shughuli zao mwishoni mwa 2024.

Wimbo wenyewe unakwenda mapigo 154 kwa dakika, mwendo wa mchakamchaka kabisa. Na usidhani ni wa watoto tu: mwaka 2015 Kobayashi Sachiko, mwimbaji mkongwe wa enka, zile nyimbo za Kijapani za majonzi wanazopenda wazee, aliuimba kwenye Kohaku, onyesho la televisheni la kufunga mwaka ambalo familia nzima hukaa kulitazama.

Wanakwaya wangu wakisikia nyimbo hizi, hata zikipigwa kwa kinanda kitupu bila ala yoyote ya Kijapani, wanasema "Japani hiyo". Wanajuaje? (Mwalimu wa kwaya, Morogoro)

Swali zuri kuliko yote niliyopata, mwalimu. Wanasikia noti ambazo hazipo.

Fungua kinanda, piga vitufe vyeusi peke yake, ovyo ovyo. Umepata do, re, mi, so, la. Wajapani huiita skeli hiyo yonanuki, "toa nne na saba", kwa sababu fa na ti hazimo. Jina linatokana na madarasa ya enzi za mfalme Meiji (1868 hadi 1912), noti zilipofundishwa kwa kuhesabu: hi, fu, mi, yo, i, mu, na. Yo ni ya nne, na ni ya saba.

Hiyo ndiyo ya furaha. Sasa hamia vitufe vyeupe, uanzie la: la, ti, do, mi, fa. Ukihesabu kutoka la, zilizotolewa ni za nne na saba vilevile. Shuka nazo polepole, fa hadi mi, kisha do, ti, la. Umesikia fa inavyoiangukia mi, na do inavyoiangukia ti? Hiyo miteremko miwili mifupi ndiyo yenye harufu yote. Noti hizo hizo tano zimo katika muziki wa kale wa koto, ila huko makao yake, yaani noti ambayo wimbo hutulia, ni mi. Mtunzi wa pop anachukua melodia hiyo yenye machozi, anaitia besi na ngoma za kasi, na watu wanairukia. Ndiyo maana nyimbo hizi zinachangamka na kulia kwa pamoja.

Lakini usiwaambie wanakwaya kwamba yote ni ya kale. Miaka ya 1880 serikali ya Japani ilipotaka nyimbo za shule, ilichukua hata tuni ya Kiskoti, ile "Auld Lang Syne" ambayo skauti huimba wakishikana mikono. Melodia yake haina fa wala ti, kwa hiyo ilikaa kwenye midomo ya watoto kama ya nyumbani. Hadi leo maduka mengi ya Japani huipiga wakati wa kufunga, na wateja wanajua ni saa ya kwenda zao.

Mbona kwangu zinasikika kama za Ethiopia? (Msomaji, Nairobi)

Masikio yako yako sawa. Tizita, skeli maarufu ya Kiethiopia, ile ya furaha na ile ya huzuni, inatumia noti tano hizo hizo. Kinachotofautiana ni mwendo: Waethiopia hupenda kupinda mapigo kwa tatutatu, Wajapani wanatembea wawiliwawili kama watu wanaobeba mzigo.

Na zile kelele za katikati, "dokkoisho", "sore", "wasshoi"? (Kijana, Dodoma)

Hizo ni kama "harambee" ya wavuta jarife. "Soran Bushi" ni wimbo wa wavuvi wa Hokkaido, na "dokkoisho" yake ni ya kuvuta wavu kwa pamoja. Mzee wa Kijapani husema neno hilohilo anapoketi na magoti yake hayataki. "Wasshoi" ni ya vijana waliobeba kijumba cha ibada mabegani siku ya sherehe. Pop ikitaka kunukia Kijapani kwa haraka, inatupia kelele hizo kati ya mistari.

Kwa hiyo mchanganyiko huu wa pop na ladha ya asili umeletwa na hawa vijana wa kompyuta? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Mwaka 1933 "Tokyo Ondo" ya Nakayama Shimpei ilikuwa wimbo wa santuri uliotungwa kwa mtindo wa ngoma za kiangazi, watu wakizunguka jukwaa la mbao. Leo mashabiki wa timu ya besiboli ya Yakult huuimba wakichezesha miavuli midogo.

Ninaoupenda mimi ni "Omatsuri Mambo" wa 1952. Misora Hibari alikuwa na miaka 15 tu. Humo kuna mambo, yaani ile dansi ya Kilatini, kelele za sherehe, na kisa cha majirani wawili waliopagawa na ngoma: mwanamume anaambiwa nyumba inaungua, hasikii, mwanamke anaibiwa, hasikii. Mwisho muziki unapoa ghafla, nao wamekaa na majuto. Wajapani wana msemo wa "baada ya sherehe" kwa jambo lililokwisha kuharibika, na wimbo unauchezea msemo huo. Sisi tungesema maji yamekwisha kumwagika.

Kuna na "Matsuken Samba II" wa 2004: mwigizaji Matsudaira Ken, wa tamthilia za samurai, ndani ya kimono ya dhahabu, akicheza samba. Ukifumba macho hakuna Japani humo, ila lugha. Ladha yote iko kwenye nguo, nami sioni aibu kusema naupenda.

Sisi watu wa taarabu tunahusikaje na haya? (Bibi, Mombasa)

Shikamoo bibi. Mnahusika kuliko wengine. Mwaka 1912, huko Nagoya, Morita Goro alitengeneza taishokoto: nyuzi juu ya ubao, mkono wa kushoto ukibonyeza vitufe kama vya taipureta, wa kulia ukizicharaza. Kilikuwa chombo cha nyumbani, cha mtu asiyeweza kununua koto. Kikavuka bahari, na Mombasa kikaingia kwenye taarabu. Nyimbo za Zuhura Swaleh, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, zina mlio wake. Bibi, zitafute rekodi zake usikilize nyuma ya sauti ule mlio mkali wa chuma, unaodonoadonoa kama kuku kwenye bati. Huo ndio huo.