Mpangaji Asiyehesabiwa

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji kama mashirika yasiyo ya kiserikali yanaweza kweli kumpatia mwananchi wa kipato cha chini nyumba, au kama kazi hiyo iachiwe serikali na wawekezaji. Jibu langu ni kwamba yanaweza, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko yanavyojitangaza, na kwamba faida yake kubwa haimo katika nyumba zenyewe bali katika kumtambua mtu ambaye sheria na benki zimemwacha nje, yaani mpangaji. Nitatumia mfano wa mradi wa nyumba wa Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa kuwa mimi ni mkazi wa Mbagala na eneo hilo nalifahamu.

Mradi wa Chamazi chanzo chake ni Kurasini, kata iliyo kando ya bandari ya Dar es Salaam. Takriban miaka ya 2007 na 2008 serikali ilitwaa sehemu ya kata hiyo kwa ajili ya upanuzi wa bandari, na maelfu ya kaya zikatakiwa kuhama. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji, ambao katika mitaa kama ile ndio wengi, hawakulipwa. Jambo hili halikutokana na ukatili wa ofisa mmoja. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na hiyo ya makazi hukokotolewa kwa kuzidisha kodi ya soko ya nyumba husika kwa miezi 36. Kwa desturi fedha hizo huingia mikononi mwa mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba kodi aliyokuwa akiilipa mpangaji ndiyo inayotumika kupiga hesabu ya fidia ya mtu mwingine, huku yeye mwenyewe akibaki na magodoro barabarani, akitafuta chumba kipya ambacho mwenye nacho atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali atataka ya mwezi mmoja juu yake. Aliyewahi kuhama kwa namna hiyo akiwa na watoto wanaosoma anaelewa kwa nini familia nyingi huishia kwenye mabonde yanayofurika kila masika.

Hapo ndipo lilipoingia shirika la Centre for Community Initiatives, lililoanzishwa mwaka 2004 na linalofanya kazi bega kwa bega na Shirikisho la Watu Maskini Mijini. Shirikisho hilo ni mkusanyiko wa vikundi vya akiba, vingi vyake vikiendeshwa na akina mama, ambamo mhasibu wa kikundi hupita nyumba kwa nyumba na daftari akipokea chochote alichonacho mwanachama siku hiyo, hata kama ni shilingi mia chache. Kutokana na vikundi hivyo baadhi ya waliotakiwa kuondoka Kurasini walianzisha chama cha ushirika wa nyumba, wakakipa jina la Muungano, na kupitia ushirika huo zikanunuliwa ekari 30 za ardhi huko Chamazi. Mpangaji mmoja mmoja asingeweza kufika hapo, kwa sababu benki haimkopeshi asiye na hati ya ardhi, hati haitoki bila upimaji, na upimaji ni gharama.

Lililonivutia zaidi ni mazungumzo yao na wataalamu wa mipango miji, ingawa habari za miradi ya namna hii hulipita jambo hilo haraka ili zifike kwenye picha za makabidhiano. Viwango vya wakati ule vilitaka kiwanja cha makazi, hata katika eneo la msongamano mkubwa, kisipungue mita za mraba 400. Kwa watu waliokuwa wakiishi familia nzima ndani ya chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, kanuni hiyo ilimaanisha kwamba ardhi waliyoinunua kwa akiba zao ingetosha wachache tu. Shirika liliwasaidia kujenga hoja, na viwanja vidogo vikakubaliwa. Kwa maoni yangu kibali kile kina thamani kuliko mifuko yote ya saruji ambayo mfadhili angeweza kuileta, kwa kuwa kinaweza kutumiwa na kikundi kingine kesho bila kumwomba mfadhili yeyote.

Ujenzi wenyewe ulifuata njia ya kubana matumizi. Matofali yalikuwa ya kufungamana, ya aina ambayo Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiihimiza kwa miaka mingi: udongo huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali huanikwa kivulini na kumwagiliwa maji siku kadhaa hadi likomae. Wakati wa kujenga hupandana lenyewe kwa lenyewe bila saruji kati ya safu moja na nyingine, na hapo ndipo gharama inapopungua. Wanachama walifyatua wenyewe. Nyumba ilianza ikiwa ndogo, ya kuongezewa chumba kadiri mwenyewe anavyopata, na majitaka yakaelekezwa kwenye bwawa la mimea linaloyasafisha, maana bomba la mfumo wa jiji halifiki huko.

Wanaosema kazi hii iachiwe soko watazame hesabu zake. Riba ya mikopo ya nyumba katika benki zetu imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19, na nyumba mpya ya mwendelezaji wa majengo kwa miaka mingi imekuwa ikibeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Muuza samaki wa soko la Feri hamo katika hesabu hiyo. Mfuko wa kuzunguka wa kikundi, ambamo marejesho ya mmoja hukopeshwa mwingine, humpa mkopo mdogo kwa masharti anayoyamudu, na akikwama kwa sababu ya ugonjwa au msiba, kabla ya barua ya wakili huja wenzake wa kikundi kukaa naye kitako na kupanga upya marejesho. Huo ndio msaada kwa familia ninaouheshimu, na kwa bahati mbaya ndio ambao wafadhili huchoka nao mapema, kwa sababu hauna utepe wa kukata.

Hata hivyo sitaki kuupamba mradi huu. Ujenzi umekwenda polepole kuliko ilivyotarajiwa, na familia zilizopata nyumba ni chache mno zikilinganishwa na zilizoondolewa Kurasini. Chamazi iko mbali. Jirani yangu mmoja alikuwa akiwauzia chai na vitumbua wapagazi karibu na lango la bandari, akitoka nyumbani kwake Kurasini saa kumi na moja alfajiri na kufika kwa miguu. Alipohamia huku pembezoni ilimbidi apande daladala mbili na beseni kichwani, na faida ya asubuhi ikaliwa na nauli. Aliacha biashara ndani ya mwaka. Shirika linaweza kumpa mtu paa na choo safi, lakini halina uwezo wa kuisogeza bandari, na ardhi iliyo karibu na riziki ya maskini iko mikononi mwa serikali na taasisi zake.

Kwa hiyo, Mhariri, swali lenu ningeligeuza kidogo. Mashirika yameshaonyesha kwamba wapangaji wakikusanyika wanaweza kuweka akiba, kumiliki ardhi kwa pamoja na kurejesha mkopo. Kinachosubiriwa sasa ni kanuni za fidia zirekebishwe, ili sehemu ya zile kodi za miezi 36 imfikie anayezilipa, na kila mradi unaohamisha watu utenge viwanja kwa ajili ya ushirika wa wapangaji ndani ya umbali ambao nauli ya daladala moja inatosha.