Mapato ya idara za michezo za vyuo vya Marekani

SWALI: Nimekuta takwimu mbili za mapato ya idara ya michezo ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, zote za mwaka uleule, lakini zinapishana kwa mamilioni ya dola. Niamini ipi, na nitakilinganishaje chuo hicho na kingine?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda zote mbili ni sahihi, kwa kuwa vyuo hivyo hutoa ripoti mbili tofauti. Moja hupelekwa Wizara ya Elimu kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1994, ambayo lengo lake ni kuonyesha jinsi michezo ya wanaume na ya wanawake inavyohudumiwa. Humo ni kawaida kukuta mapato yamelingana na matumizi hadi dola ya mwisho, kwa sababu pengo hufidiwa na fedha za chuo chenyewe. Nyingine hupelekwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ina mafungu mengi zaidi, na hupitiwa na mhasibu wa nje. Kwa kazi yako, shika hii ya pili. Vyuo vingi vya umma huitoa kwa anayeiomba, ilhali vyuo binafsi kama Notre Dame havilazimiki.

Ukishaipata, usianze na jumla. Tenganisha kwanza fedha ambazo idara imezichuma yenyewe, yaani viingilio, haki za matangazo, mgao wa ligi, udhamini na michango ya wafadhili, na zile ilizopewa, yaani ruzuku ya chuo na ada ya michezo wanayotozwa wanafunzi wote, hata wasiokanyaga uwanjani. Tuchukue mfano wa kubuni: idara mbili zina dola milioni 60 kila moja, lakini ya kwanza imechuma 55 na ya pili imechuma 15 tu. Kuziweka nafasi moja katika jedwali ni kumpotosha msomaji, na kwa maoni yangu ni kuwadhulumu wanafunzi wanaobeba mzigo huo bila kutajwa.

Angalia pia mwaka wa fedha, kwani vyuo vingi hufunga hesabu tarehe 30 Juni, lakini Chuo Kikuu cha Texas hufunga 31 Agosti. Mchango mmoja mkubwa wa kujengea uwanja waweza kuupandisha mwaka mmoja ghafla, na msimu wa 2020–21 uliathiriwa mno na korona kwa kuwa viwanja vingi havikujaa. Kwa hiyo chukua wastani wa miaka mitatu au minne, ukiuacha kando msimu huo wa korona.