Tia kamera kwenye dakti kabla hujalipia kusafishwa

Fundi akikwambia dakti za nyumba yako, yaani mifereji ya kupitishia hewa ya kiyoyozi, zimejaa uchafu, usibishane naye na wala usitoe pesa. Mwombe atie kamera ndogo ya waya mtazame pamoja. Nimeishi miaka mingi na kiyoyozi cha aina hii, kinachosukuma hewa vyumbani kwa mifereji iliyofichwa juu ya dari. Nimekagua mifereji yangu mwenyewe, na nimesimama pembeni mafundi wakikagua. Ninachoshikilia ni kwamba kamera ni ya kutafutia maji, mianya na wanyama. Vumbi lije mwisho.

Nasema hivyo kwa sababu vumbi ndilo linalouza huduma ya kusafisha. Lenzi ya kamera hizi huona vizuri kitu kilicho sentimita chache mbele yake, na taa zimeizunguka palepale kwenye ncha. Tabaka jembamba tu, likimulikwa kwa karibu namna hiyo, kila chembe hutupa kivuli chake, na kwenye skrini linaonekana kama manyoya ya kondoo. Ukifungua grili, ule wavu unaofunika tundu la hewa chumbani, na kupitisha kidole mahali hapohapo, kidole kinatoka na rangi ya kijivu basi. EPA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, linasema kusafisha dakti hakujathibitika kuzuia matatizo ya kiafya. Linashauri usafishe pale kuvu linapoonekana limeota kwa wingi ndani, panya au wadudu wameingia, au mfereji umeziba kwa vumbi hadi chembe zinatoka kwenye grili na kuingia chumbani.

Kamera ya kujikagulia mwenyewe haina makuu. Zilizo nyingi zina ncha ya milimita 5 hadi 8 na waya wa mita 5 au 10, unazichomeka kwenye simu. Chukua yenye waya mgumu kidogo, kwa kuwa ule laini hujikunja kwenye kona ya kwanza. Bandika kipande cha utepe kila baada ya mita moja ya waya. Bila alama hizo utaona tatizo vizuri kabisa na usijue liko wapi juu ya dari. Zima kiyoyozi kwenye swichi kuu kabla ya kufungua grili yoyote. Anza na upande unaorudisha hewa kwenye mashine, maana huko mara nyingi hewa haijapita kwenye filta na ndiko uchafu hukusanyika.

Kuna chumba kimoja kwangu ambacho hakikuwahi kupoa kama vingine. Fundi mmoja alishauri gesi iongezwe, mwingine akashauri dakti zisafishwe. Nilipopitisha kamera kutoka kwenye grili ya chumba hicho, ukuta wa ndani ulikuwa safi, pete za waya za dakti laini, ile ya plastiki inayokunjika, zikipita moja baada ya nyingine. Kabla alama ya nne haijaingia, ule mduara ukaanza kulala, ukawa yai, kisha ukawa ufa ambao kamera yenyewe ilipita kwa shida. Dakti ilikuwa imelegea na kulalia boriti, na hapo juu ya boriti imefungwa kwa kamba nyembamba iliyoikaba. Ilinyooshwa, ikaning'inizwa kwa mkanda mpana, na chumba kikapoa. Hakuna brashi wala pampu ya kunyonya vumbi ambayo ingetibu jambo lile, na ningelilipia vilevile.

Kwa hiyo tembeza kamera polepole kwenye kila kiungo. Kwenye dakti za bati, michirizi myeusi ya vumbi kwenye maungio mara nyingi huonyesha mahali hewa inapopenya. Ukiona mwanga, au ghafla ukaona mbao za dari, kiungo kimeachia na unapoza dari. Energy Star, mpango wa Marekani wa kuokoa nishati, unakadiria kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti hupotea kwa mianya ya aina hiyo. Ziba kwa mastiki, ile gundi nzito ya kuzibia maungio, au utepe wa foili. Ule utepe wa kitambaa hukauka na kubanduka.

Maji ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Matone machache karibu na koili ya kupoozea, mashine ikiwa imezimwa sasa hivi, ni ya kawaida. Kutu, alama za maji yaliyotuama au madoa meusi mbali na koili si ya kawaida. Kamera haiwezi kukwambia kama doa ni kuvu, jibu hilo hutoka maabara. Lakini kama dakti imetandikwa faibaglasi (nyuzi za kioo) ndani na imelowa au kuota kuvu, haisafishiki: inatolewa na kuwekwa mpya. Na kabla ya yote tafuta maji yametoka wapi, maana bomba la kutolea maji likiwa limeziba, kuvu litarudi.

Ukiita kampuni, taka video inayoanza chumbani, grili ikionekana, kisha iingie ndani bila kukatwa. Niliwahi kuonyeshwa picha za kutisha za faibaglasi iliyooza, na nyumba yangu yote ni bati na dakti laini za plastiki. Baada ya kusafisha, kamera irudi njia ileile, kina kilekile. Hifadhi video zote kwa jina la chumba na tarehe.

Mambo mengine kamera haiyaoni. Haipimi hewa inayovuja, kipimo cha shinikizo ndicho kinachofanya hivyo, na haioni hali ya nje ya dakti. Waya ukikwama usiulazimishe, huenda umefika kwenye kilango cha kuzuia hewa na utakipinda. Na kama nyumba ni ya zamani na unashuku kwamba dakti zimefungwa kwa asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, usiguse kitu wala usitoboe tundu la kupitishia kamera. Mwite mtaalamu wa asbesto kwanza.