Mdomo Umekuwa Mundu: Maswali Yenu Kuhusu Ndege wa Kilishioni

Swali: Ndege mdogo anayekuja kwenye kilishio changu (chombo ninachowawekea ndege chakula), mdomo wake wa juu umerefuka na kupinda kama mundu. Amejigonga mahali?

Huenda. Ila mdomo wa ndege ni mfupa uliovikwa gamba la keratini, kitu kilekile cha kucha zako. Gamba huota siku zote na hulika kwa kudonoa na kusugua. Likiota kuliko linavyolika, ndipo mundu unapotokea. Alaska, mwishoni mwa miaka ya 1990, watu walianza kuwaona chikadii wa kofia nyeusi, ndege wadogo wa Amerika Kaskazini, wenye midomo ya namna hiyo. Watafiti walipohesabu wakakuta takribani 6.5% ya chikadii waliokomaa, na kwa kunguru wa pwani ikafika 17%. Mtazame manyoya: yakiwa machafu na yamegandana, ujue hawezi kujichambua. Kwenye baridi kali hilo ni balaa, kwa sababu manyoya ya hivyo hayatunzi joto.

Swali: Chanzo ni nini?

Mshukiwa mkuu ni virusi viitwavyo poesivirusi. Utafiti wa 2018 ulivikuta kwa chikadii wagonjwa wote 28 waliopimwa. Kati ya 96 wasio na dalili, ni 9 tu waliokuwa navyo. Ni ushahidi mzito, ingawa mimi sijafunga kesi. Midomo huharibiwa na mengine pia: huko Kesterson, California, miaka ya 1980, seleniamu, madini yenye sumu yakizidi, iliyoletwa na maji ya mashamba iliwalemaza vifaranga wakiwa bado ndani ya mayai.

Swali: Nimkamate nimpunguze kwa mkasi wa kucha?

Hapana! Ndani mna mfupa na damu, na ukikata leo, gamba litaota tena. Isitoshe, nchi nyingi zinakataza kukamata ndege wa porini bila kibali.

Swali: Basi niondoe kilishio?

Kumwona hapo hakumaanishi kilishio ndicho kilichomharibu. Mtazame anavyokula: anainamisha kichwa ubavu, anazoa punje zilizokwisha kumenywa, maana kubandua wadudu kwenye magome hawezi tena. Amekuja kwako kwa shida. Lakini ndege wakisongamana, magonjwa hupita kirahisi. Kila wiki mbili sugua kilishio kwa sabuni, kiloweke kwenye blichi (sehemu moja kwa tisa za maji), suuza, kiache kikauke kabisa. Wakizidi wagonjwa, kishushe kwa muda watawanyike. Mpige picha, andika tarehe, wapelekee watafiti wa ndege.

Swali: Nitaambukizwa?

Hakuna mtu anayejulikana kuugua ugonjwa huu. Nawa mikono hata hivyo. Vinyesi vya ndege vinaweza kuwa na salmonela, bakteria wanaoumiza tumbo.

Swali: Wangu ncha za mdomo zimepishana kama mkasi, na anashinda kwenye misonobari. Naye mgonjwa?

Huyo mzima! Ndivyo aina yake ilivyo (Waingereza humwita crossbill): mdomo huo hupanua magamba ya koni, yaani tunda la msonobari, ili ulimi uchomoe mbegu. Mwache ale.