Barua kwa mwanangu: kuishi peke yangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Umeniuliza vipi mimi, ninayeishi peke yangu katika nyumba hii ya mtaa wa Ng'ambo, Unguja, tangu baba yako alipofariki, sionekani mpweke, ilhali wewe uliye London, unayepanda kila asubuhi treni iliyojaa watu, unahisi kwamba hakuna anayekujua.

Kipindi nilichofungiwa ndani kwa sheria, yaani eda ya miezi 4 na siku 10, ndicho ambacho sikuuona upweke hata kidogo, kwani majirani waliingia kwa zamu, huyu na uji wake, yule na msahafu wake, na wengine walikuja kulala tu ili nisiamke usiku nikaikuta nyumba kimya. Eda ilipokwisha kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake, kama ilivyo haki yao, na hapo ndipo iliponibidi kuamua. Nilipoombwa kuwa kijumbe wa upatu wa mtaa, yaani mkusanyaji wa michango, nilikubali, ingawa unajua nisivyopenda kushika fedha za watu, kwa sababu nilijua kwamba kila mwisho wa mwezi wanachama watafika mlangoni pangu, na aliyechelewa hawezi kuondoka bila ya kukaa kitako na kueleza kilichomchelewesha. Asiyekuja namfuata mwenyewe, na mara nyingi nakuta kilichomzuia si fedha, bali ni homa ya mtoto au ugomvi wa nyumbani.

Usidhani nataka mazungumzo saa zote. Baada ya sala ya Isha nafunga mlango, nakaa na tasbihi yangu, na simu ikilia siipokei isipokuwa ni yako. Kimya hicho nakifurahia kwa kuwa najua asubuhi wako watu wanaonidai na ninaowadai.

Nasikia serikali ya huko iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Sina neno naye, ila waziri hatakuja kukugongea mlango. Yule jirani wa ghorofa yako ambaye hamjawahi kupeana hata salamu, usianze kwa kumpelekea zawadi. Nenda ukaazime kitu kwake, hata chujio la chai. Aliyepewa zawadi hushukuru akafunga mlango, lakini mwenye kitu chake kwako ana sababu ya kukungoja. Utakapomrudishia, mwekee juu ya sahani yenye vileja, kisha uniandikie kama Waingereza nao hawarudishi sahani tupu.

Wasalaam,
Mama yako