Kuomba warsha ya filamu ukiwa na simu tu

Ndugu, umeuliza kama kukosa kamera kutakuzuia kuomba warsha ya filamu za kidijitali ya Juni hadi Agosti. Hapana, omba! Rekodi filamu ya mfano ya dakika 3 kwa simu, ya kuambatisha na maombi yako, ukiwa umeilaza, pale steji ya boda hapo kwenu Jinja: mtu mmoja, jambo moja. Sauti ndiyo huangusha wengi, maana pikipiki humeza maneno. Mhoji chumbani penye mapazia, simu ya pili ikiwa karibu na mdomo wake, kisha weka picha za steji juu ya sauti hiyo. Kama warsha ni ng'ambo, shughulikia pasipoti leo. Hapa Kampala ulizia pia Maisha Film Lab, shule ya filamu aliyoianzisha mwongozaji filamu Mira Nair kwa ajili ya watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki.